Malalamiko Dhidi ya Programu Zinazolitilia Shaka Bomba la Mtaa wa Juu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuchagua Programu ya Kompyuta ya Mtandao wa Maji,
Idara ya Maji.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: PROGRAMU TATU ZISIZO NA ADABU, PAMOJA NA MJUKUU WANGU

Nimeficha jambo kwa muda mrefu kuliko umri wako kazini, nalo linahusu bomba la inchi sita linalotoka kwenye tangi kubwa kwenda Mtaa wa Juu. Daktari wangu, kijana mpole asiyejua kudanganya, ameacha kuniandikia dawa za kuponya na kuanza kuniandikia za kutuliza, kwa hiyo nimeona nilitoe jambo hilo kabla halijafukiwa pamoja nami. Lakini sitalisema hapa mwanzoni. Nawajua watu wa ofisi: mkishapata mnachokitaka, yanayofuata hamsomi. Na malalamiko haya nimeyaandika nikipumzika kila baada ya aya. Yasomeni kwanza.

Kwa faida ya wajumbe waliozaliwa baada ya mimi kustaafu, nilikuwa mkuu wa chumba cha michoro cha Idara. Ramani kubwa iliyo ukutani nyuma ya kiti chako, yenye doa la chai upande wa kusini, ni kazi ya mkono wangu. Doa ni lako, la siku ulipokuja kujifunza kushika rula. Sasa naishi Mtaa wa Juu, katika nyumba aliyoiacha baba mkwe wangu. Maji ya huku hutoka alfajiri, kidogo, kwenye lile bomba jembamba la zamani, yakikohoa kama mimi, kisha yananyamaza hadi kesho. Mtaa mzima unalalamika isipokuwa mimi. Walipopita kukusanya sahihi za kuja kwenu, niliwaambia tuvumilie, nikawarudishia kalamu yao. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema watu wa namna yangu wamekwisha duniani. Tangu siku hiyo wananiita Mzee Subira.

Leo Mzee Subira analalamika.

Habari zenu nimezipata kwa mjukuu wangu, ambaye ni mhandisi wenu mdogo, yule mwembamba mwenye kofia ya kazi iliyomzidi kichwa. Amenieleza kwamba mnataka kununua programu ambayo ukiipa ramani ya mabomba, matangi na pampu, itakuambia kila nyumba itapata maji kiasi gani na kwa presha gani, kabla hujachimba mtaro hata mmoja. Mmeletewa tatu. Ili kuzipima, mmezilisha zote ramani moja, yangu. Na zote zimejibu kwamba Mtaa wa Juu una presha nzuri. Mjukuu wangu akapanda huku na geji ya kupimia presha, akaifunga kwenye bomba la jirani mmoja baada ya mwingine, akarudi kwenu kusema sindano haikuamka kutoka kwenye sifuri. Nasikia ukamwambia mbele ya wajumbe, "Binti, programu tatu haziwezi kukosea pamoja. Geji moja inaweza." Mmempa hadi kikao kijacho avifute vipimo vyake. Asipovifuta, anatoka kwenye mradi, na ajira yake, ambayo bado ni ya majaribio, haitathibitishwa.

Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Programu ya kwanza nimeipa jina Mkarimu. Muuzaji wake, kwa alivyonisimulia mjukuu wangu, alivaa suti ya kubana na aliita kila mjumbe "mheshimiwa", hata mpishi wa chai aliyeingia kuchukua vikombe. Mkarimu hupaka bluu panapofika maji na nyekundu yasipofika, na kwa kweli nyekundu yake haijazeeka kwa matumizi. Hana moyo wa kumnyima mtu. Mtaa wa Juu kaupaka bluu kama bahari. Mjukuu wangu aliileta kompyuta nyumbani, akaiweka juu ya meza yenye dawa zangu, akasema, "Babu, hii inasema maji yetu yanaweza kupanda mpaka ghorofa ya tatu." Bibi yake alikuwa anachota maji ya kuoshea vyombo kwenye pipa, kwa kikombe. Akauliza, "Ghorofa ya nani?"

Juu ya Mkarimu nina lalamiko dogo tu: presha yetu anaitaja kwa desimali tatu. Kwa maji ambayo hayafiki, desimali moja ingetosha.

2. Programu ya pili hutolewa bure, na nakubaliana na Kamati kwamba kitu cha bure hakiwezi kuwa na akili. Kwa bahati mbaya mjukuu wangu anadai kwamba zile mbili za gharama zimebeba moyo uleule wa hii ya bure, zimevishwa suti tu. Hayo ni maneno ya ujana. Mimi naichukia kwa sababu nyingine. Haina mapambo. Inachora bomba kama mstari mwembamba mweusi, toka hapa hadi pale, na mtu akiutazama mstari mtupu kwa muda ataanza kujiuliza unatoka wapi na unaingilia wapi. Programu iliyolelewa vizuri humshughulisha mtu kwa rangi.

3. Sasa naja kwa ile iliyonitoa kitandani. Hii nimemwita Mwanasheria, kwa kuwa ramani peke yake haimtoshi, anataka ushahidi. Ukishampa ramani anakuomba vipimo vya geji, na vipimo visipopatana na hesabu yake hanyamazi kama wenziwe. Anapita bomba kwa bomba akiuliza: wewe ungekuwa na hali gani ndipo geji iwe inasema kweli?

Wajumbe ambao si mafundi wavumilie kidogo. Kila bomba hupewa namba ya ulaini wa ndani. Jipya hupewa namba kubwa, lililoota kutu hupewa ndogo. Mwanasheria aliichukua namba ya bomba la Mtaa wa Juu akaipunguza. Hesabu haikukubali. Akaipunguza tena, na tena, mpaka akafika mahali ambapo, kwa maelezo ya mjukuu wangu, bomba lingepaswa kuwa limeshindiliwa kokoto toka mwanzo hadi mwisho. Mtoto akaigeuza kompyuta ili nione nikiwa nimelala.

"Babu, si wewe uliyelichora? Bomba gani hili? Limeziba wapi?"

Nikakohoa. Uzee una faida chache, na kikohozi ni mojawapo.

Nakuuliza, Ndugu Mwenyekiti, hiyo ni adabu? Katika mtandao wenu wote hakuna bomba lenye tabia njema kama hilo. Halijapasuka hata siku moja. Halijavuja tone. Halijamtoa fundi nyumbani kwake siku ya mapumziko, halijaibiwa koki, wala hakuna gari lililowahi kulivunja. Mabomba ya rika lake yamekwisha kubadilishwa yote; lenyewe limetulia. Leo kitu kilicholetwa kwenye begi la mgongoni kinalisingizia kula kokoto!

4. Mwanasheria anahatarisha pia heshima ya wakaguzi. Kama ujuavyo, vali ya bomba hilo iko chini ya lami, mbele ya kibanda cha fundi cherehani, pale njia inapoanza kupanda. Lami ile ni nene na ya zamani. Hata hivyo kila mwaka vijana wa ukaguzi wameandika juu ya vali hiyo "hali nzuri". Mmoja wao, ambaye baadaye alipanda cheo hadi kuwa mwenyekiti wa kamati fulani, aliandika kwa mwandiko wake ninaoujua: "Inafunguka na kufungwa bila shida." Nampongeza. Si kila mtu awezaye kufungua vali kupitia lami. Na kile kikosi kilichotumwa kulisafisha bomba, mwaka ule wakazi walipokuja ofisini na ndoo tupu, kilirudi na taarifa kwamba kutu nyingi imetoka na maji sasa ni meupe. Kikapewa barua ya shukrani. Mkimsikiliza Mwanasheria, mtu atachukua sururu avunje lami, na baada ya hapo itabidi watu wengi waliokwisha kustaafu kwa amani waulizwe maswali. Waacheni wazee wa watu walee wajukuu.

5. Nikitaja wajukuu, namshitaki wangu. Mtoto huyu hasikii. Alipoambiwa geji yake ni mbovu, aliazima nyingine kwa mtu wa pampu. Sifuri. Akaazima ya tatu kwa fundi wa boila katika hospitali. Sifuri. Fundi yule alimfuata mpaka huku kwa miguu, akidhani geji yake imeharibiwa, akaitazama, akaigonga kwa kidole, akasema, "Mama, hii nzima. Huku ndiko kubovu." Nilimshauri mjukuu wangu kama mzazi. Nikamwambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Futa hivyo vipimo upate ajira, ukishakuwa mkubwa utavirudisha. Akanijibu, "Geji haina mjomba, Babu. Inasema inachokiona." Kisha akaenda kujitwisha ndoo, maana zamu ya maji ilikuwa yake.

Ukaidi huo hakuutoa kwangu. Kautoa kwa bibi yake.

6. Kwa sababu hizo naiomba Kamati imchague Mkarimu, na kumchagua upesi. Lakini programu peke yake haitoshi, kwa kuwa adui wa programu si programu nyingine bali ni watu. Naomba pia geji zipigwe marufuku kuvuka kibanda cha fundi cherehani. Yeyote atakayekutwa na geji mlimani achukuliwe kama aliyekutwa na silaha.

Zipigwe marufuku ndoo vilevile. Nimelifikiri hili kwa makini nikiwa dirishani. Kila asubuhi wanapanda hapa wanawake, wanaume na watoto wa shule, ndoo vichwani na madumu mkononi, na kila ndoo ni shahidi dhidi ya Mkarimu. Mgeni akiziona atasema kompyuta zenu ni za uongo. Wakibeba maji, wayabebe yakiwa yamefichwa.

Na kama wataendelea, basi nashauri suluhisho la kudumu. Programu tatu zimethibitisha kwamba Mtaa wa Juu una maji. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye kiu katika Mtaa wa Juu yuko pale kwa makosa. Wakazi wote wateremshwe, tukianza na watoto, ambao hunywa sana, na mahali petu muweke wakazi wanaolingana na maji yenyewe: watu wa kuchorwa. Kazi hiyo niko tayari kuifanya bila malipo, maadamu nina pumzi. Wino ninao.

7. Hatimaye, nalalamika kwamba katika programu zote tatu hakuna hata moja yenye mahali pa kumuuliza aliyechora ramani. Kuna mahali pa urefu wa bomba, upana wake, umri wake, ulaini wake. Mahali pa mzee hapana. Nimemtazamisha mjukuu wangu mara mbili, akasema, "Hapana, Babu, hawajaweka." Ni uzembe mkubwa, na nimefurahi sana.

Nawaachia hayo myapime kwa busara ile ile mliyopimia geji. Nisalimieni mtu wa pampu, na mumwambie sauti ya pampu yake ya pili imebadilika. Naisikia kutoka hapa upepo ukielekea huku. Nisalimieni katibu muhtasi, ambaye peke yake katika ofisi hiyo alikuwa akisoma barua hadi mwisho, na mpishi wa chai, na wauzaji wote, hasa yule wa suti. Fundi cherehani nitamsalimu mwenyewe nikijaliwa kuteremka. Mke wangu naye anakusalimu. Anasema yeye ameshazoea maji ya wino, kwa hiyo msihangaike.

Wako katika mstari ulionyooka,

Mzee Subira
Mkuu mstaafu wa chumba cha michoro

Nyongeza, baada ya sahihi:

Barua nilikwisha kuikunja. Mke wangu ameikunjua. Ameisoma amesimama mlangoni, kata ya kubebea ndoo ikiwa bado kichwani, na mahali pawili amecheka, sitasema wapi. Kisha ameirudisha mapajani mwangu.

"Umeshachekesha watu. Haya, sasa waambie."

Nikamwambia niliahidi kulisema jambo, sikuahidi kulisema katika barua hii. Akaniambia, "Mzee, ukienda na bomba hilo kifuani, mtoto atafukuzwa kazi kwa kusema kweli, na uongo utakuwa wa babu yake. Nani atamweleza? Mimi?" Akaenda zake uani. Sasa nasikia anamimina maji kwenye pipa, polepole, ili nisikie vizuri.

Ndugu Mwenyekiti, nilikufundisha mwenyewe: mstari wa vipande maana yake bomba tunalikusudia, mstari mzima maana yake bomba lipo. Nilipokuwa kijana, la Mtaa wa Juu lilikuwa mstari wa vipande. Nami nilikuwa nikipanda huku kumposa binti wa seremala. Baba yake alinipa kiti, akanitazama, akasema, "Nyie watu wa maji mna maneno. Mwanangu ana sugu ya ndoo utosini. Mimi simtoi kwa mtu wa maneno. Nionyeshe bomba."

Nilirudi ofisini, nikakaa mbele ya ramani, nikaziunganisha nafasi zote zilizokuwa kati ya vile vipande kwa kalamu yangu nzuri. Wino ulipokauka nikaikunja ramani nikampelekea. Alikuwa mtu wa vipimo, aliheshimu mchoro. Akaweka kidole chenye vumbi la mbao kwenye tangi, akakipandisha taratibu kwenye mstari mpaka mlangoni pake, akasema, "Basi." Tukaoana.

Nilikusudia kuzikwangua zile nafasi kwa wembe mara nikirudi kutoka harusini, mstari uwe wa vipande tena. Nikakuta nakala zimekwisha kutolewa na kupelekwa kila idara. Ningeweza kusema siku hiyo, ingekuwa aibu ya siku moja. Sikusema. Kisha wakaja wageni wa mradi wa kupeleka mabomba makuu kwenye mitaa isiyokuwa nayo. Walisimama mbele ya ramani wakitaja mtaa kwa mtaa, na walipofika kwetu mkubwa wao alisema, "Huu tayari unalo," akapita. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika rula ya kuwaonyeshea. Miaka ikaenda wakaja wengine, wakasema vilevile, wakapita vilevile. Ndiyo sababu sijawahi kulalamika juu ya maji. Majirani waambiwe haikuwa subira.

Mke wangu alijua mwezi wa kwanza wa ndoa yetu, alipofungua bomba la uani kwa baba yake akangoja maji ya mstari wangu. Hakunitangaza. Kila nilipoomba maji ya kunywa alikuwa akiniuliza, "Ya ndoo au ya wino?" Ameuliza hivyo maisha yetu yote, na juzi aliuliza tena akinipa vidonge.

Basi nayaondoa malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la saba. Programu zenu hazina kosa. Zote tatu zimekokotoa vizuri kabisa maji ya bomba mlilozipa. Mwanasheria naye, kwa zile kokoto zake, alikuwa anajaribu kusema kitu ambacho hakufundishwa kukisema, maana hata yeye hajui kuuliza kama bomba lipo. Chagueni mnayoitaka, hata ile ya bure. Mjukuu wangu anasema inatosha mkiipa ramani ya kweli na mtu wa kupanda mlima na geji. Mtu huyo mnaye. Vipimo vyake visifutwe hata kimoja. Barua hii atawaletea mwenyewe, na hajaisoma, kwa hiyo msimwangalie usoni mnapoifungua.

Ramani iliyo nyuma yako ishusheni, uirudishe mistari ya vipande kwa mkono wako, nilikufundisha. Kisha mwombeni radhi fundi cherehani, mvunje lami. Chimbeni bila woga, hakuna mtakachokikata. Chini ya lami hakuna vali, na toka tangini hadi mlangoni kwangu hakuna bomba la inchi sita. Halijawahi kulazwa.